Kamba iliyosahauliwa: neno letu juu ya filme za Jumamosi



Katika toleo lililopita mmoja wa walimu wetu aliandika kwamba filme za mauaji tunazoonyeshwa Jumamosi jioni katika chumba cha kulia zikomeshwe. Aliandika kwa upole, na hoja zake zina uzito. Alisema vijana wanajifunza uovu kwa macho upesi kuliko kwa masikio. Sisi wa darasa la mwisho, tuliopewa ukapita wa internati, tumeombwa na wengi tujibu. Tunajibu kwa heshima, lakini hatutasema bongo, hata pale ambapo ukweli hautusaidii.

Kwanza tueleze habari kwa wale wanaolala kwao, ambao hawakuwako. Jumamosi ile tulitundika shuka nyeupe ukutani, tukasogeza meza, tukapanga wadogo mbele na wakubwa nyuma. Filme ilikuwa ya Kifaransa, Ascenseur pour l'échafaud, ya mwaka 1958. Aliyeitengeneza ni Louis Malle, kijana wa miaka 25 wakati ule. Mtu mmoja, Julien, askari wa parashuti zamani, anafanya kazi kwa tajiri mwuza silaha. Anapendana na mke wa tajiri, Florence. Wawili wamepatana kwamba tajiri afe. Jumamosi jioni, watu wakiwa karibu kutoka kazini, Julien anapanda kwa kamba kutoka ofisi yake mpaka orofa ya juu, anampiga tajiri risasi kwa bunduki ndogo ya tajiri mwenyewe, anaiacha mkononi mwa maiti ili watu waseme amejiua. Anafunga mlango kwa ndani, anashuka tena kwa kamba. Sawasawa kabisa. Anaaga wenzake, anatoka, anaingia katika gari lake, anawasha moto. Halafu anainua macho.

Kamba inaninginia pale pale juu ya ukuta, mchana kweupe.

Pale chumba chote kilipiga kelele. "Kamba! Anasahau kamba!" Hata wale wadogo ambao Kifaransa chao kingali cha kutafuta kwa tochi walielewa. Julien anaacha gari linanguruma, anakimbia kurudi, anaingia katika asansere. Mlinzi hajui kama kuna mtu ndani. Ni mwisho wa juma, anazima umeme wa nyumba nzima, anafunga na kwenda zake. Asansere inasimama katikati ya orofa mbili, na muuaji ndani yake.

Na sisi papo hapo, bwana wee, umeme ukakatika.

Si hadithi ya kutunga, mashahidi ni zaidi ya mia. Tulidhani ni filme. Tulikaa gizani kimya, tukingoja, mpaka mmoja akasema kwa sauti ndogo: "Hapana, ni ya kwetu." Jenereta haikuwa na petroli. Tulikwenda kulala na muuaji wetu amefungiwa ukutani, na kwa juma zima hatukujua mwisho wake. Mnakumbuka juma lile. Ku robine, asubuhi, na ndoo mkononi, watu walibishana namna ya kutoka katika asansere. Mbele ya bukari na sombe, mafundi wa fizikia walichora nyaya juu ya meza kwa kidole chenye maji. Mtoto mmoja wa darasa la saba alitufuata kila siku, uso umekunjamana: "Yaya, ule papa angali mu asansere?" Tulimwambia angali. Siku ya Alhamisi akatuuliza kama alikuwa amekula.

Na hapa ndipo mwalimu wetu anapotushika. Anauliza: watoto wa shule ya Kikristo, mlimwombea nani? Mlimwombea muuaji atoke! Amemwua mtu, ametamani mke wa mtu, amri mbili kwa jioni moja, na ninyi mnamhurumia kwamba hajala.

Ni kweli. Tulitaka atoke. Tulikaa na kuulizana sisi kwa sisi, na hatukupata hata mmoja aliyesema, "Miye nilitaka mlinzi amkamate." Basi tusijitetee kwa kusema tulikuwa tunajifunza Kifaransa.

Lakini tulitaka kujua kwa nini ilikuwa vile, na tumetafuta kidogo. Yuko Mwingereza mmoja, Alfred Hitchcock, fundi mkubwa wa filme za namna hii, aliyeeleza jambo hili kwa Mfaransa François Truffaut katika mazungumzo yaliyotoka kama kitabu mwaka 1966. Anasema hivi, kwa maneno yetu: watu wamekaa mezani wanazungumza, na chini ya meza kuna bomu. Kama watazamaji hawajui, bomu linapasuka, wanashtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini kama watazamaji wameonyeshwa bomu na saa yake, mazungumzo yale yale ya bure yanakuwa ya kutisha kwa dakika 15 nzima. Mtazamaji anataka kupiga kelele: acheni kuzungumza, tokeni! Kwa hiyo hofu ile inatoka katika kujua. Aliyeonyeshwa siri amekwisha kutiwa ndani ya shauri, apende asipende. Kamba ile, sisi tuliiona. Mlinzi hakuiona. Tangu dakika ile tulikuwa upande wa Julien kwa sababu tulikuwa na siri moja naye, si kwa sababu tulimpenda.

Hitchcock huyu alitumia jambo hilo bila huruma. Katika Psycho, ya 1960, kijana mmoja anasukuma gari lenye maiti ya mwanamke ndani ya matope ya ziwa, ili lizame. Gari linazama, linazama, halafu linasimama, nusu nje. Yule mwanamke tulikuwa tumemfuata tangu mwanzo, tulimwona akiuawa vibaya, lakini gari liliposimama kila mtu alishika pumzi, na lilipozama pumzi ikatoka. Ni namna hiyo hiyo katika filme ya Kiamerika ya 1944 ambayo kwa Kifaransa inaitwa Assurance sur la mort, ya Billy Wilder. Wakala wa bima na mke wa mtu wanamwua mume ili wale pesa za bima. Wamekwisha kutupa maiti juu ya reli, wanarudi garini, mwanamke anawasha, gari haliwaki. Anawasha tena, haliwaki. Wewe uliye kwenye benchi unajikuta unasukuma na mguu.

Wengine watasema: njo vile, ni mchezo wa kutega watu, unatufanya wabaya kwa dakika mbili. Sisi tunasema, dakika zile mbili ni za thamani. Maana katika ibada, tukisomewa habari za Kaini, kila mmoja wetu anakaa upande wa Habili. Ni rahisi. Hakuna aliyewahi kutoka kanisani akisema, leo nilikuwa Kaini. Lakini katika giza lile la chumba cha kulia, zaidi ya watu mia moja walijikuta upande usiofaa, wakaona aibu, wakaanza kuulizana kwa nini. Majadiliano ya juma lile hatujayaona baada ya hotuba yoyote.

Tena filme haikutuacha pale. Jumamosi iliyofuata tulichanga petroli, tukaona mwisho. Lile gari lililoachwa linanguruma, kijana mmoja na rafiki yake, msichana mwuza maua, wamelichukua kwenda kutembea. Wamekuta ndani koti la Julien na bunduki yake nyingine. Usiku, mahali pa kulala wasafiri, wanakutana na Wajerumani wawili, mume na mke, watu wazima wacheshi, wanakunywa nao. Kabla ya asubuhi kijana amewaua wote wawili, kwa woga na upumbavu, akijaribu kuiba gari lao. Watu hawa hawakumjua tajiri, hawakumjua Julien, walikuja Ufaransa kutembea tu. Katika chumba chetu hakuna aliyepiga kelele pale. Julien alifanya hesabu ya kifo kimoja, na hesabu ikaenda kuchukua watu ambao hawakuwamo katika daftari lake. Polisi wanamtafuta yeye kwa vifo vya Wajerumani, kwa kuwa gari ni lake, jina ni lake. Anaweza kuthibitisha hakuwapo. Alikuwa katika asansere! Lakini akisema hivyo, ataulizwa alikuwa anafanya nini katika asansere usiku mzima, katika nyumba ambamo tajiri amekufa. Ukweli unaomwokoa huku ndio unaomnyonga kule.

Na Florence usiku ule wote anatembea barabara za Paris akimtafuta, akidhani amemkimbia na msichana, kwa sababu aliona gari likipita. Tarumbeta inayomfuata ni ya Miles Davis, Mwamerika mweusi, aliyeipiga na wenzake usiku mmoja wa Desemba 1957 wakitazama picha na kupiga palepale. Wapigaji wa fanfare yetu wanaweza kusikiliza sehemu hiyo hata kama hawataki filme. Mwishoni, ni picha chache katika kamera ndogo, zile walizojipiga wenyewe Julien na Florence wakiwa na furaha, zinazowapeleka wote wawili kwa komisari.

Mwalimu anasema filme hizi zinasifu uovu. Hapa hatukubaliani naye, na historia iko upande wetu. Huko Hollywood, tangu 1934 mpaka 1968, kulikuwa na sheria ya wenyewe watengenezaji, iliyoandikwa kwa msaada wa padre na watu wa kanisa, kwamba uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kuvutia watu upande wake, na mwovu asishinde. Kila filme ilipita kwanza mbele ya wakaguzi. Kwa hiyo ukitazama filme ya Kiamerika ya miaka ile, unajua tangu mwanzo kwamba muuaji atashikwa. Tuseme na sisi wazi, sheria hii ina ubaya wake, kwani maisha hayakuisaini. Lakini iliwalazimisha mafundi kutafuta jambo lingine. Kwa kuwa swali "atashikwa?" lilikwisha kujibiwa, likabaki swali "atashikwa na nini?" Na jibu ni karibu kila mara kitu kidogo cha nyumbani.

Chukueni ile ya Hitchcock ya 1954, Le crime était presque parfait. Mume, mchezaji wa tenisi wa zamani, anataka mke wake tajiri auawe. Hatamwua mwenyewe. Anamlazimisha mtu wa zamani aliyesoma naye, anampangia kila kitu: ufunguo utakuwa chini ya zulia la ngazi, mimi nitapiga simu saa tano usiku, mke wangu atasimama kupokea, utakuwa nyuma ya pazia. Hakuna tundu. Lakini usiku ule saa ya mkononi ya mume imesimama, haendi kupiga simu kwa wakati, na mwuaji wa kukodi karibu aondoke. Simu inalia, anamkaba mwanamke kooni, na mwanamke anashika mkasi juu ya meza, anampiga mgongoni. Aliyetumwa kuua ndiye anakufa. Basi mume, kwa akili mbaya ya ajabu, anageuza mambo papo hapo mpaka mke wake anahukumiwa kunyongwa kama muuaji. Kinachomshinda mume ni ufunguo. Anatoa ufunguo katika mfuko wa maiti na kuurudisha katika mkoba wa mke, bila kujua kwamba yule marehemu alikuwa ameurudisha ufunguo chini ya zulia mara tu alipofungua mlango. Ule wa mfukoni ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe! Mtu amefikiri mwaka mzima, amepima kila kitu, halafu ufunguo mmoja unafanana na mwingine.

Hapa mwalimu ametaja jambo la mablanketi, na hatuwezi kuliruka, kwani sisi wenyewe tumo. Ni kweli kwamba majuma mawili baada ya filme ya kwanza wavulana wawili walipanga blanketi vitandani mfano wa watu wanaolala, wakapita dirishani kwenda sikukuu ya mtaani. Ni kweli kwamba walisema wenyewe, "tulifanya plan kama mu filme." Na ni kweli kwamba aliyewagundua ni kapita, yaani sisi, kwa sababu ya kandambili moja iliyobaki chini ya dirisha, imeelekea nje. Walifukuzwa siku tatu. Mmoja mpaka leo hatusalimii, na tunalala vitanda vinne toka kwake.

Mwalimu anasema: tazameni matunda. Sisi tunasema, wanafunzi walitoroka internati hii kabla ya sinema kufika Katanga. Baba zetu waliosoma hapa wanatuhadithia habari za blanketi zile zile, na wao hawakuwa na Julien. Lakini jambo moja limetusumbua. Tulipoiona ile kandambili, kwa dakika moja tulitaka kuipiga teke ndani, giza liifunike. Hatukufanya. Ila tulielewa vizuri sana wakati ule kwamba anayeona kamba ana kazi, na kazi hiyo haipendezi. Hatujui kama tulitenda vema kwa ndugu yule. Tungependa azungumze nasi.

Tena tukumbushe, na tunasema bila ukali, kwamba hapa kwetu kukataza filme kuna historia ndefu. Wakati wa Koloni mtu mweusi hakuruhusiwa kuona kila filme aliyoona Mzungu. Palikuwa na wakaguzi waliochagua, kwa hofu kwamba Mwafrika hawezi kutofautisha picha na mambo ya kweli, na akiona Mzungu anaiba au anaua katika picha, heshima itapotea. Tatu, sisi ni watu wa shule ya Biblia, na Biblia haikuficha mashauri ya kuua. Nani aliyeandika shauri kali kuliko lile la Daudi na Uria? Mfalme amelala na mke wa askari wake, mke ana mimba. Shauri la kwanza ni kumwita Uria arudi nyumbani alale kwake, mambo yafunikwe. Linaharibika kwa sababu Uria ni mtu mwema: analala mlangoni pa mfalme pamoja na watumishi, kwani wenzake wako vitani. Mfalme anamlewesha, bado hataki. Ndipo barua ya kumwua inaandikwa, na anayepewa kuibeba ni Uria mwenyewe. Msomaji anajua kilichomo, Uria hajui. Lile ni bomu chini ya meza, miaka elfu nyingi kabla ya Hitchcock. Hatujasikia mtu akitaka sura ile ikatwe.

Sasa tufike pahali pagumu. Siku moja ya juma lile, tulipokuwa tunacheka habari za kamba, mwenzetu mmoja ambaye ukoo wake unakaa njia ya Likasi akasema: "Na Shilatembo je?" Kicheko kikaisha. Mnajua kwa nini. Katika madarasa yetu kuna watoto wa koo nyingi, na wazee wetu hawakusimama wote upande mmoja katika mambo ya 1960 na 1961. Hatuandiki ili kushtaki babu ya mtu. Lakini tumeona ni aibu kujua vizuri namna mtu alivyouawa Paris katika hadithi, na kunyamaza juu ya kilichofanyika kweli umbali wa kilomita kama 50 kutoka hapa tulipo.

Tarehe 17 Januari 1961, ndege ilishuka Luano, katika mji huu ulioitwa Élisabethville, ikiwa na Patrice Lumumba, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu wa kwanza, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa ndani ya ndege, wakapigwa tena katika nyumba ya Mzungu mmoja walipofungiwa saa chache. Usiku ule ule walipelekwa porini, wakapigwa risasi mmoja mmoja karibu na mti, mbele ya wakubwa wa serikali ya Katanga na maofisa Wabelgiji. Lile lilikuwa shauri la watu wenye madaraka, wenye askari, wenye magari na ndege. Kabla yake lilikuwapo lingine: mwaka 1960 Wamarekani wa CIA walileta sumu mpaka Léopoldville ili wamwue, haikutumika, na mkuu wao pale alisimulia baadaye kwamba iliishia katika mto Kongo.

Halafu ilianza kazi ya kuficha kamba. Miili ilizikwa, ikafukuliwa, ikahamishwa, kisha ofisa wa polisi Mbelgiji, Gérard Soete, na mwenzake waliikata na kuiyeyusha kwa asidi, kusibaki kaburi wala mfupa. Tarehe 13 Februari waziri Godefroid Munongo aliwatangazia waandishi kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji, na kijiji hakutaka kukitaja. Dunia haikuamini hata siku moja. Katika miji mingi watu walitoka barabarani. Hapa Lubumbashi mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika picha zake za historia za miaka ya 1970, aliwachora wale watatu wamelala chini, na kwa mbali misalaba mitatu. Hakuna aliyemwonyesha hati. Alijua kama wote walivyojua.

Na kamba iliyosahauliwa? Ilikuwa jino. Soete mwenyewe alilichukua. Mtu aliyetumwa kufuta kila kitu alibaki na ukumbusho, akakaa nao Ubelgiji miaka mingi, na kabla ya kufa kwake mwaka 2000 alisimulia mambo mbele ya kamera. Mwaka 2016, baada ya mtu wa ukoo wake kuzungumza na gazeti, wenye sheria walikwenda kulichukua lile jino. Tarehe 20 Juni 2022 lilikabidhiwa kwa watoto wa Lumumba kule Brussels, likaja nyumbani katika jeneza, likapitishwa Sankuru, Kisangani, na hapa kwetu mpaka Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Wengine wetu tulikuwa wadogo bado, tulisimama kando ya barabara kuona gari likipita. Jeneza zima la mtu mzima, na ndani jino moja.

Hapa ndipo tunasema filme na kweli zinaachana. Katika filme komisari anafika kabla ya taa kuwashwa. Kwetu ilipita miaka 38 kabla ya kitabu cha Mbelgiji Ludo De Witte, mwaka 1999, kulazimisha bunge lao kufanya uchunguzi. Mwaka 2001 likakubali kwamba baadhi ya wakubwa wao wana daraka la kimaadili, na 2002 serikali yao ikaomba msamaha. Watoto wa Lumumba walifungua mashtaka Brussels mwaka 2011. Mwaka 2025 mwendesha mashtaka aliomba mtu mmoja, mzee aliyepita miaka 90, apelekwe mbele ya mahakama. Walioamua na waliopiga risasi, wengi wao walikufa zamani, wala hakuna aliyehukumiwa kwa kifo kile. Shauri liliharibika, naam, kwa kuwa waliotaka jina lifutike walilifanya lijulikane duniani kote. Lakini halikuharibika kwa faida ya Mpolo na Okito, ambao hawakupatiwa hata jino.

Kwa sababu hii tunaomba jambo. Iko filme ya Raoul Peck, mtu wa Haiti aliyekulia Kongo, inaitwa Lumumba, ya mwaka 2000. Ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, maana kwetu vita ilikuwa inaendelea. Inaanza karibu na mwisho: Wazungu wawili usiku, na mapipa, wanafukua. Hakuna mtu pale wa kumwombea atoke. Ikiwa tutaweka sheria kwamba filme yenye mauaji isionyeshwe, hii nayo itakatazwa pamoja na zile za kuchekesha, na tutamaliza masomo, tufanye mtihani wa Leta, twende zetu, tukiwa hatujaitazama pamoja na wenzetu ambao babu zao walikuwa upande mwingine. Tutaitazama peke yetu, kila mtu katika simu yake, kila mtu na hasira yake.

Tunalomwomba Bwana Prefe na walimu ni hili. Filme za Jumamosi ziendelee. Wale wa darasa la saba na la nane walale mapema siku za filme nzito. Katika hili tunampa mwalimu wetu haki, kwani yule mdogo wa asansere aliota ndoto mbaya siku tatu. Baada ya kila filme tuwe na nusu saa ya kuzungumza, na tungefurahi kama mwalimu aliyeandika ndiye angeongoza, maana anabisha vizuri. Jumamosi ijayo tumepanga Le crime était presque parfait, na ile ya Peck iwe ya mwezi ujao, ikikubaliwa.

Wanaotaka kujibu walete karatasi kwa kapita wa darasa kabla ya Ijumaa saa sita. Michango ya petroli inapokelewa mlangoni pa chumba cha kulia, mia tano kwa kila mtu, wadogo wasilipe. Na mwenye kandambili ya bluu, ya mguu wa kushoto, ingali katika sanduku letu. Aje aichukue wakati wowote.